Bwana afya aliyeandika riwaya: Unguja na waandishi wa saa za kuiba

Kabla ya kumleta duniani Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya zake, Muhammed Said Abdulla alikuwa bwana afya. Alizaliwa Makunduchi mwaka 1918, akamaliza skuli 1938, akaajiriwa Idara ya Afya ya Zanzibar kuwa mkaguzi. Kazi hiyo aliifanya kwa miaka kumi. Wanaoijua kazi ya bwana afya wanajua ilivyo. Unapiga hodi, unaingia mpaka uani, unafunua mitungi, unachungulia birika, unauliza nani analala chumba gani na maji machafu yanamwagwa wapi. Mwenye nyumba anakueleza hivi, ua wake unakueleza vyengine. Ukitoka hapo unaandika ripoti, na ripoti haitaki mapambo: umeona nini, wapi, lini.

Mwaka 1948 akaingia magazetini, akawa mhariri wa Zanzibari, kisha akasaidia uhariri wa Al Falaq, Afrika Kwetu na Al Mahda. Kuanzia 1958 mpaka alipostaafu mwaka 1968 alishika jarida la Mkulima. Jarida la kilimo, jamani! Ni katika miaka hiyo hiyo ya pilikapilika ambapo East African Literature Bureau iliendesha mashindano ya kuandika hadithi, ya 1957 na 1958. Akapeleka Mzimu wa Watu wa Kale, akatoka wa kwanza, na kitabu kikachapwa mwaka 1960. Baada yake vikafuata Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri na vyengine, mpaka Kosa la Bwana Msa mwaka 1984.

Wahakiki wamezoea kumtafutia Bwana Msa ukoo wake London, kwa Sherlock Holmes, na ukoo huo upo kweli. Kiko kinywani na sahibu yake Najum pembeni vinatosha kuwa ushahidi. Mimi namwona na jamaa yake wa karibu zaidi. Bwana Msa si mtu wa kukimbizana na wahalifu. Huuliza maswali madogo madogo, huangalia kilichokaa pahala pasipo pake, na hasadiki kwa kuwa tu mwenye nyumba amesema. Huyo ni bwana afya aliyeacha kutafuta viluwiluwi vya mbu akaanza kutafuta siri za watu.

Nimeanza na mkaguzi huyu kwa sababu ya lalamiko ninalolisikia kila vijana wanaotaka kuandika wanapokutana, iwe Vuga, iwe Kikwajuni: nafasi hakuna. Kijana anafundisha skuli mbili, au yuko mapokezi hotelini Nungwi zamu ya usiku, au anaendesha bodaboda, na ndani ya kichwa chake mna riwaya inayongoja siku atakayopumzika. Anamwona mwandishi kama mtu aliyekaa ghorofani Shangani, dirisha limeelekea bahari, kahawa mezani, hakuna anayemwita. Mtu huyo huenda yupo, lakini historia ya uandishi wa kisiwa hiki haimjui. Waandishi wetu waliandika katika saa za kuiba. Sina maana ya kumwibia mwajiri, ingawa na hilo nadhani limefanyika. Nina maana kwamba walikuwa na kazi nyengine, na ninavyoamini mimi, kazi hiyo nyengine iliwapa zaidi ya mshahara.

Rudi nyuma mpaka katikati ya karne ya 19, jumba la Mtoni. Sayyida Salme, aliyezaliwa mwaka 1844, binti wa Sultan Sayyid Said, alifundishwa kusoma kama watoto wenzake wa kike, lakini kuandika hakukuwa kwa wasichana. Akajifundisha kwa siri. Ameeleza mwenyewe alivyofanya: alichukua msahafu, akawa ananakili herufi zake juu ya mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio uliokuwa ubao wa kuandikia wa siku hizo. Mfupa mpana, mweupe, unaofutika. Haukupita muda mrefu kabla ujuzi huo haujamtia matatani. Mwaka 1859, ndugu yake Barghash alipopanga kumwondoa ndugu yao Majid katika usultani, kundi lilihitaji mtu wa kuandika barua, na msichana wa miaka 15 akawa katibu wa njama. Njama ikashindwa. Kumbukumbu za maisha yake zilichapwa Ujerumani mwaka 1886, wakati huo akiwa mjane anayelea watoto ugenini. Hakuandika kwa kuwa alikuwa na raha. Aliandika watoto wake wajue mama yao ametoka wapi.

Haji Gora Haji, wa Tumbatu, ndiye ninayependa kumtaja zaidi kwa anayeniambia hakusoma vya kutosha. Alizaliwa mwaka 1933, skuli kubwa hakuiona, maisha yake yakawa uvuvi na ubaharia. Diwani yake ya Kimbunga ilitolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1994, naye akiwa na miaka zaidi ya sitini. Alipofariki mwaka 2021 alikuwa akijulikana mpaka Ulaya, na Baraza la Kiswahili la Zanzibar, BAKIZA, lilikuwa limeshachapa kamusi ya Kitumbatu aliyoiandaa.

Hapa pana somo la ufundi ambalo sijaona likisemwa vya kutosha. Baharia mikono yake imeshika kamba, lakini kichwa kiko huru. Shairi lenye vina na mizani huchukulika kichwani: mishororo inashikana yenyewe, kina kikipotea unajua kimepotea, na ukifika pwani unaweza kuukariri ubeti mzima kwa anayejua kuandika. Riwaya haichukuliki hivyo. Riwaya inataka makalio na kiti. Kwa hiyo kabla ya kijana kujiuliza ana kipaji gani, ajiulize kazi yake inamwachia kitu gani, kichwa au mikono. Mpishi wa hoteli na mshona nguo wanaweza kutunga mashairi kazini. Karani anayeumiza macho kwa hesabu mchana kutwa hawezi, lakini ana meza, na akibaki ofisini dakika arobaini baada ya wenzake kuondoka ana chumba cha kuandikia kuliko wengi. Shaaban Robert wa Tanga alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, sehemu kubwa ya miaka hiyo akiwa forodhani, na kazi zake zinajaza rafu nzima. Ndiye aliyemwandikia wasifu Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba aliyekuwa akiuza vyungu mjini kabla hajawa sauti ya santuri. Siti alifariki mwaka 1950. Shaaban angesubiri kustaafu, angemkuta nani wa kumhoji?

Kuna kazi zinazolisha uandishi na kuna zinazoudhoofisha, na ya kwangu, uandishi wa habari, hufanya yote mawili. Inakufundisha kumaliza. Saa ya gazeti kwenda mitamboni haijali kama umejaaliwa au hujajaaliwa. Inakufundisha kuuliza, na kumsikiliza mtu mpaka mwisho. Inakulipia nauli ya kwenda Kizimkazi kumtazama mtu ambaye vyenginevyo usingemjua. Kisha pole pole inakutia kutu ulimini. "Imeelezwa kwamba." "Wananchi wametakiwa." "Aliyasema hayo jana alipokuwa." Mwandishi aliyekaa miaka mingi chumba cha habari hata barua ya posa huianza kwa "imebainika". Anayetaka kuvuka kutoka habari kwenda riwaya inambidi ajisafishe kila jioni.

Adam Shafi, naye mtu wa magazeti, alivuka salama. Kuli, kilichotoka mwaka 1979, kinahusu makuli wa bandarini na mgomo wao wa mwaka 1948. Mwandishi mwenyewe amezaliwa mwaka 1940. Mgomo ulipotokea alikuwa mtoto mdogo, kwa hiyo hakuuandika kwa kumbukumbu tu, ilimbidi aulize. Soma kurasa za mwanzo uone uzito wa mzigo unavyokaa mgongoni mwa Majaliwa na baadaye mwanawe Rashidi. Ule si uzito wa kubuniwa na mtu aliyekaa kitako. Vuta n'kuvute, cha mwaka 1999, kinamtoa Yasmini, binti wa Kihindi aliyeozwa mzee, kutoka nyumba ya Mji Mkongwe na kumpeleka kwa Mwajuma, Ng'ambo, na msomaji anauhisi umbali huo kwa miguu yake, ingawa kutoka Darajani ni kuvuka njia tu. Amil Shivji alikifanya filamu mwaka 2021.

Tena ipo Haini, ya Shafi huyo huyo. Mzee Karume, Rais wa Zanzibar, aliuawa Aprili 1972, kamatakamata ikafuata, na riwaya inayozungumzia waliotiwa ndani ilichapwa mwaka 2003. Miaka thelathini na moja. Kijana wa leo akikaa na jambo wiki mbili bila ya kulitoa kwenye simu anahisi limeoza. Mambo mengine hayaozi. Yanangoja watu wapoe, na mwandishi naye apoe, ili aweze kumwandika askari wa gereza kama mtu. Hasira huandika ukurasa wa kwanza vizuri sana na ukurasa wa hamsini vibaya sana.

Sasa niseme jambo litakalowaudhi jamaa zangu. Fahari ya Kiunguja imetuharibia waandishi wengi. Tunajua sote kwamba mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua lahaja yetu iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Tangu hapo mtoto wa Unguja hukua akiambiwa lugha ni yake, na akishika kalamu anadhani kazi imeshakwisha kabla haijaanza. Wakati huo huo Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe huko Ziwa Victoria, ambaye Kiswahili hakukinyonya kwa mama yake, aliandika Rosa Mistika mwaka 1971 na kuitikisa fasihi nzima. Kuzaliwa ndani ya lugha ni mtaji. Lakini mtaji ukiwekwa chini ya godoro hauzai.

Fahari hiyo inaonekana zaidi katika sentensi ya kwanza. Miswada mingi niliyopewa kusoma hufungua namna hii: "Jua lilikuwa likizama kwa madaha upande wa magharibi, likitandaza wekundu wake juu ya bahari tulivu, na ndege wakirejea viotani kwa nyimbo za furaha." Lugha haina kosa. Mwalimu ataitilia alama. Ila jua hilo linaweza kuwa linazama Lamu, Mtwara, Moroni au popote palipo na bahari, na hakuna mtu ndani yake. Chukua pahala na saa ile ile, mnada wa samaki Malindi jioni, uandike hivi: "Dalali alikuwa keshauza kila kitu isipokuwa changu wawili, na hao hakuwatia mnadani, alikuwa amemwekea mama Mwanaidi, ambaye leo siku ya tatu hajaonekana." Hakuna neno zuri hata moja pale. Lakini msomaji ameshajua kuna desturi baina ya watu wawili, imekatika, na anataka kujua kwa nini. Aliyeandika sentensi ya pili lazima amewahi kusimama mnadani akaona samaki wanaotengwa. Wa kwanza hakuhitaji kutoka nyumbani.

Watu husema Unguja haihitaji darasa la uandishi kwa sababu ina mabaraza. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Kaa Jaws Corner alasiri, vikombe vya kahawa vinagonganishwa, dhumna inapigwa, na siasa inachambuliwa na watu ambao hawajawahi kukubaliana tangu uchaguzi wa miaka ya hamsini, wengine wakiendeleza ugomvi waliourithi kwa baba zao. Utasikia namna mzee anavyoanza kisa katikati, anavyomficha mhusika kwa kusema "yule bwana", anavyonyamaza pale pale ambapo unataka ajibu. Hayo hayafundishwi chuoni. Lakini baraza lina hatari yake. Anayekisimulia kisa barazani mara tano, akachekewa na kupongezwa, ameshalipwa. Akifika nyumbani hana haja tena ya kukiandika. Wako watu mjini hapa ambao vitabu vyao vimeishia kwenye mawe ya baraza, na sote tunaowajua tunasikitika. Mimi naona barazani uwe msikilizaji, na ukitaka kumsomea mtu mswada wako, umsomee mmoja, kwa sauti, mtu asiyekuogopa wala kukutaka kitu. Ukijisikia unaharakisha aya fulani kwa aibu, aya hiyo itoe.

Abdulrazak Gurnah hakuwa na baraza. Alizaliwa Unguja mwaka 1948, akaondoka mwaka 1968 akiwa hana hata miaka ishirini, na kitabu chake cha kwanza kilichapwa mwaka 1987. Katika hotuba yake ya Nobel ya Disemba 2021 alieleza kwamba skuli, hapa hapa kwetu, kuandika hadithi darasani kulikuwa furaha tupu, kitu cha kukingojea. Uandishi wa pili, ule wa ugenini, ulikuwa kitu chengine: ulitoka katika upweke, na katika kuona kwamba historia ya nyumbani inasimuliwa upya kwa namna ya kuwapendeza wenye nguvu, na walioishi wakifutwa. Aliandika kwa Kiingereza, na kwa muda mrefu wengi wetu hatukumsoma. Tafsiri ya Kiswahili ya Paradise, Peponi, kazi ya Ida Hadjivayanis, ilitolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, miaka 28 baada ya kitabu chenyewe. Naye pia alikuwa na kazi: alikuwa mwalimu wa chuo kikuu kwa miaka mingi, akisahihisha insha za watu na kuhudhuria vikao.

Pesa tuzitaje kwa ufupi, kwani habari yake ni fupi. Mrabaha wa mwandishi aghlabu huzunguka asilimia 10 ya bei ya kitabu, na wanunuzi si wengi. Kitabu hulipa kikichaguliwa kusomwa maskulini. Kwa hakimiliki tuna COSOZA, na kusajili kazi yako huko ni bora kuliko kulalamika baadaye. Kinachosikitisha ni kwamba kisiwa kilichokuwa na mitambo ya kupiga chapa tangu karne ya 19, ya wamisionari na ya Sultani, leo hupeleka riwaya zake ng'ambo ya bahari: Dar es Salaam, Nairobi. Utaandikia Unguja, utahaririwa na mtu ambaye hajui Miembeni iko wapi, na itabidi umshawishi kwa upole asikubadilishie "skuli" kuwa "shule".

Mashindano ndiyo yaliyotusaidia, tangu yale ya Mzimu wa Watu wa Kale. Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell ilimpa Mohammed Ghassani, Mpemba anayeishi Ujerumani, ushindi wa ushairi mwaka 2015, na mwaka 2018 ikampa Zainab Alwi Baharoon ushindi wa riwaya kwa Mungu Hakopeshwi. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ilianzishwa mwaka 2022. Tuzo haimfanyi mtu mwandishi, lakini ina tarehe ya mwisho, na tarehe ya mwisho imezaa vitabu vingi kuliko msukumo wa moyo.

Nina ombi moja, na ni kwa watu ambao huenda hawajioni kuwa waandishi. Kilimo cha mwani kilianza kibiashara pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, mwaka 1989. Kizazi kizima cha wanawake kimesomesha watoto kwa mwani, kimejenga nyumba kwa mwani, kimegombana na waume na wanunuzi kwa ajili ya mwani, kimeona hoteli zikichukua ufukwe na maji yakipata joto mpaka mwani ukaoza kwenye kamba. Riwaya ya mwani, iliyoandikwa na aliyepiga vigingi mwenyewe, sijaisoma. Watafiti wameandika ripoti, wapiga picha wamepiga picha, na mabango ya utalii yamejaa migongo ya wanawake walioinama. Aliyeinama bado hajaandika. Kazi hiyo hufuata bamvua. Maji yakiwa mafu, hakuna kwenda shamba. Siku hizo nazo zina shughuli zake, kuna watoto, kuna kuni, kuna mgonjwa wa kutazamwa. Hata hivyo, dada wa Paje, shangazi wa Jambiani, katika maji mafu yajayo chukua daftari alilolibakisha mtoto mwaka jana, andika ukurasa mmoja wa siku uliyoingia baharini mara ya kwanza: nani alikufundisha kufunga kamba, kilo iliuzwa bei gani, na nani alikucheka.

Ukimaliza huo, andika wa pili. Mhariri atatafutwa baadaye.